Mji wetu hautaki kodi ya boti, Boston wamekalia ruhusa!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Naishi mji mdogo wa pwani huku Massachusetts. Nina kiboti cha faiba cha futi 19, kikuukuu, cha kuvulia na watoto wikendi. Kodi yake kwa mwaka ni dola 15. Kumi na tano tu! Safari hii bili ikapotea njiani, nikashtukia barua ya kudai: dola 30 za usumbufu juu ya deni la 15, na riba ya asilimia 12 kwa mwaka.

Nikaenda dirishani kulipa. Yule mama karani alikuwa na karatasi mbili mezani, moja ya wenye maboya ya kufungia boti bandarini, nyingine ya usajili wa jimbo, anapitisha rula jina kwa jina. Pembeni rundo la bahasha zilizorudi: huyu kahama, yule kauza boti zamani. Akaniambia wazi, "Tunatumia nyingi kuliko tunazopata."

Na si yeye peke yake. Kwenye mkutano wa mji tulipiga kura kodi ifutwe, nami nilinyoosha mkono. Kumbe bure! Kodi imo kwenye sheria ya jimbo, sura ya 60B, mji hauwezi kuiacha kwa hiari yake. Lazima ombi liende Boston kwenye bunge la jimbo, lipite mabaraza yote mawili, gavana asaini. Kipindi cha bunge cha miaka 2 kikiisha halijapita, limekufa, mnaanza moja. La kwetu limelala kwenye kamati hadi leo.

Halafu angalieni jedwali lao. Thamani ina kikomo kwa urefu na umri wa boti, hata bei halisi iwe kubwa kiasi gani. Boti mpya ya kifahari ya futi 60, iwe imenunuliwa kwa mamilioni, kwao haizidi dola 50,000. Kwa dola 10 kila elfu, mwenye nayo analipa 500, kamaliza!

Najua nusu ya makusanyo inakwenda kwenye mfuko wa kutunza njia za maji. Gati letu linahitaji hela, sikatai. Lakini ada ya boya tunalipa tayari, waongeze hapo, inakusanywa bila kumsumbua mtu.

Mlioko jimbo hili: kuna mji mnaoujua ulioomba ukaruhusiwa? Ulichukua muda gani? Kamati ikiita watu kusikilizwa, naomba ruhusa kazini, naenda mwenyewe.