Xianxia za Kichina: tushike tafsiri ipi?

MsomajiWaUsiku
Wakuu, salaam. Nimenaswa na hizi riwaya za mtandaoni za xianxia, mtu anajifua kwa qi, yaani nguvu ya uhai, miaka mia na mia ili asife. Niko sura ya 212, na sura zenyewe zinapita 1,600. Kwa Kiingereza nimepata tafsiri tatu: moja imetafsiri kila neno, moja imebakiza maneno ya Kichina kama dao (njia) na shixiong, ya tatu ni ya mashine na ndiyo iliyofika mbali zaidi. Nishike ipi?

BintiPwani
Iliyobakiza maneno, ndugu yangu, hasa ya ukoo. Kaka mkubwa wa baba ni bofu, mdogo wake baba ni shufu, kaka wa mama ni jiujiu. Kiingereza kinawaita wote anko. Sisi tuna baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, kwa hiyo Mchina hapo tunamwelewa bila mkalimani! Kuna riwaya niliisoma, anko anampokonya kijana urithi. Nikawa najiuliza, mjomba anaingiaje kwenye mali ya ukoo wa baba? Kumbe shufu. Ndipo kisa kizima kikaniingia. Na shixiong si kaka wa kuzaliwa. Ni mwanafunzi aliyekutangulia kwa mwalimu mmoja, kama chuoni: aliyetangulia ana heshima yake.

FundiSimu
Natetea mashine. Mfasiri wangu aliacha njiani, kimya, na shujaa yuko katikati ya vita. Ningefanyaje? Kichina mara nyingi hakimtaji mtenda, basi mashine inabahatisha, na kwenye Kiingereza bibi anageuka bwana ndani ya aya moja. Nikajaribu kuipeleka kwenye Kiswahili, tatizo hilo likaisha, maana yeye ni yeye. Yaliyobaki ni majina: binti wa ukoo wa Bai aliitwa Nyeupe sura nzima, maana bai ni nyeupe.

MamaAsha
Mimi nasema iliyotafsiriwa yote, kwa anayeanza. Nilikata tamaa mara mbili kwa wingi wa maneno nisiyoyajua. Ila methali wasiziguse. "Una macho lakini hukuutambua Mlima Tai" ni tamu mno kugeuzwa kuwa "hunijui mimi ni nani".

Mzee_wa_Sura
Tusiwasahau wafasiri wenyewe. Tovuti ya tafsiri hizi, Wuxiaworld, ilianza Desemba 2014, mfasiri aliyejiita RWX akitafsiri riwaya ya Coiling Dragon sura kwa sura, na wasomaji wakichanga fedha ili ziongezeke. Kazi ya mtu unaijua: akikwama anaweka maelezo chini ya sura, na hayo ndiyo yaliyonifundisha. Leo kuna programu za kulipia kila sura. Mimi moja ilinimalizia fedha ya mwezi kabla sijafika nusu ya hadithi. Uliza bei kwanza, mwanangu.

BintiPwani
Mzee shikamoo. Kwenye bei umesema kweli.

FundiSimu
Mkuu uliyeuliza, umeamua?

MsomajiWaUsiku
Nimehamia iliyobakiza maneno, nikarudi mpaka sura ya 40. Yule anko aliyempeleka shujaa mlimani na kumwacha kwa mwalimu, nilimchukia sana, nikidhani ni ndugu wa baba anayemwondoa mrithi njiani. Wameandika jiujiu. Alikuwa anamficha mtoto wa dada yake. Naanza upya kutoka sura ya 1.