Ushauri: kipimo cha damu cha mzio wa fangasi kwenye mapafu, kimoja hakitoshi?

Muuza Dengu: Wakuu, habari zenu. Nina pumu tangu utotoni na nauza nafaka Tandale, vumbi la mahindi ndiyo hewa yangu. Tangu masika nakohoa, asubuhi natoa makohozi ya kahawia, magumu kama nta. TB nimepimwa mara mbili, hakuna. Daktari wa kifua anahisi mzio wa fangasi Aspergillus, akaniandikia vipimo viwili vya damu. IgE ya jumla (kingamwili za mzio, zote kwa pamoja) imetoka 1,840. Cha pili bado, sampuli yake husafirishwa, na bei yake inakata maini. Nikiache? Nyumbani kuna predinisoloni za mama (vidonge vya steroidi), nazitamani kweli.

Darubini: Mkuu, hizo usiziguse. Nipo maabara. IgE ya jumla ni kama honi za foleni ya Magomeni, kelele unazisikia ila hujui nani anampigia nani. Pumu huipandisha, minyoo nayo huipandisha, na minyoo kwetu haijaisha. Cha pili kinatafuta IgE ya Aspergillus fumigatus peke yake, kuanzia 0.35 inahesabika. Mwongozo wa kimataifa wa 2024 wa mzio huu unataka hiyo, pamoja na jumla ya 500 kwenda juu (zamani walidai 1,000). Halafu wanaangalia IgG (kingamwili ya aina nyingine), eosinofili (chembe nyeupe za damu zinazopanda kwenye mzio) na siti skani. Ukimeza predinisoloni sasa, eosinofili zinashuka, na IgE inafuata. Daktari atasoma nini?

Chai ya Tangawizi: Chemsha mwarobaini, asubuhi na jioni.

Darubini: Uzi wa vipimo huu, mkuu.

Mama Zuu: Mwanangu, mie nilipitia hayo. Kile cha ghali nilipima mara moja tu. Baada ya dozi wanarudia IgE ya jumla kuona kama inashuka. Yangu haikurudi kawaida mpaka leo, daktari akasema hiyo iliyobaki ndiyo ya kulinganishia siku kifua kikichafuka tena.

Muuza Dengu: Asante mama. Nianze na minyoo?

Darubini: Choo kapime, ila damu isisubiri. Na angalia fomu, iwe na neno Aspergillus. Wengine huandikiwa "paneli ya mzio", yanarudi majibu ya vumbi, paka na karanga, fangasi hamna.

Muuza Dengu: Nimeitoa mfukoni sasa hivi. "Paneli ya mzio." Kesho alfajiri nipo mlangoni kwa daktari.