Naomba ushauri: nisome shahada ya sheria au nibaki msaidizi wa kisheria?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Moshi. Nina stashahada ya sheria, na kwa miaka minne nimejitolea kama msaidizi wa kisheria katika kata yetu, ambako mashauri mengi ni ya mirathi na vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Mwezi uliopita mjane mmoja alifungua pindo la khanga akanitolea karatasi ya mgawanyo wa shamba, iliyoandikwa na mashemeji zake bila sahihi yake. Nilimwandalia maombi, lakini mbele ya hakimu alisimama peke yake, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hainipi nafasi ya kumwakilisha mtu mahakamani.

Kazi hii haidai shahada, nalijua hilo, na mume wangu hachoki kunikumbusha. Hata hivyo, je, nijiunge na Chuo Kikuu Huria nikiendelea kuhudumia watu, au nihudhurie masomo darasani katika Chuo Kikuu cha Makumira, nikijua kwamba uwakili utanidai pia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam? Aliyesoma sheria kwa masafa akiwa na watoto wadogo anieleze, tafadhali, alisoma saa ngapi.