Bibi wa wodini anaamini mimi ni mcha Mungu, na Alhamisi anarudi Newala. Nimwambie ukweli?

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, ila msinishushie mahubiri.

Nina miaka 27, nimesoma uhasibu, huu mwaka wa tatu nasota mtaani. Rafiki yangu aliniingiza kwenye kikundi cha kujitolea wodi ya saratani hapa Dar. Nikisema nilienda kwa huruma nitawadanganya. Nilifuata cheti. Kazi zenyewe ndogondogo: kufua, kununua vocha na uji, kumsukuma mgonjwa kwenye kiti mpaka chumba cha mionzi.

Nikapangiwa Bibi mmoja Mmakonde, Mwislamu, ana saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku ya kwanza nilimkuta anaoga kwa woga, maji anayapitisha pembeni, maana walimchora alama za kalamu kiunoni na akaambiwa zisifutike. Akanionyesha chale za shavuni: "Hizi nilichanjwa nikiwa mwali, mpaka leo zipo. Hawa madaktari wako wanachanja kwa wino, halafu wananigombeza mimi." Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia.

Kabla ya mionzi anatakiwa anywe maji na abane mkojo, na foleni ndiyo hiyo mnaijua. Pale kwenye benchi ndipo tulipozoeana. Nikamwambia habari za marehemu baba. Tulikesha kanisani siku saba, tukatangaziwa amepona, akafariki Jumanne iliyofuata. Nisichomwambia ni kwamba tangu hapo sijasali. Nilisema tu mambo yangu hayaendi.

Yeye akanisimulia alivyokwama Ndundu, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Kivuko kibovu, siku tatu kandokando ya Rufiji, mtoto mgongoni, unga umeisha. "Nilitukana kila mtu. Mungu naye nilimsema. Siku ya nne tukavuka." Nikasubiri fundisho. Hakuna. Akauliza mbele yetu wamebaki wangapi.

Sasa balaa lenyewe. Wiki ya tatu aliamka hoi, anaharisha, hataki kula. Akanishika mkono: "Mimi nimeshaomba, nimechoka. Wewe wa kanisani, niombee kwa namna ya kwenu." Ningemkatalia vipi? Nikaanza Baba Yetu kama kasuku. Nilipofika kwenye riziki ya leo, yaliyobaki yakapotea. Nikabaki nalia. Bibi akaitikia "Amin" kwa nguvu, na kuanzia siku hiyo anatangaza wodi nzima kwamba mjukuu wake ni mcha Mungu.

Ajabu ni kwamba tangu usiku ule kila nikilala najikuta naimalizia ile sala. Sijui ni imani au ni mazoea ya utotoni. Bibi amemaliza matibabu, Alhamisi anaondoka. Nimwambie kwamba siku ile niliigiza, au niache?

KobeWaKibiti: Kaa kimya. Mgonjwa haongezewi mzigo.

sista_wa_zamu: Pole na hongera, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, nianze na ya muhimu: hakikisha ana tarehe ya kurudi kliniki, na mtu wa kumfuatilia huko nyumbani. Wengi wakishajisikia nafuu hawarudi. Chukua namba ya mwanaye. Hayo ya sala mwambie akiwa na nguvu, na usimwambie ili akuondolee hatia, kazi hiyo si yake.

Mtumishi77: Binti, kuwa makini. Urafiki wa namna hiyo ndio mlango wa kupotezwa imani yako. Njoo inbox nikuelekeze kwenye maombi.

Mleta mada: Mtumishi, imani ipi? Umeusoma uzi lakini? Inbox siji.

BintiTanga: 😂😂 Mimi ni Mwislamu. Bibi hakukuuliza una imani kilo ngapi, alikuomba dua. Kuna sura inaitwa Dhuha, Mtume aliambiwa kwamba Mola wake hajamwacha wala hajamchukia. Maana yake hata yeye kuna siku alihitaji kuambiwa hivyo. Muulize Bibi, bila shaka anaijua kwa kichwa.

Fundi_Saa: Na kwenye Marko 9 yule baba wa mtoto mgonjwa alisema anaamini, hapohapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Mtoto akaponywa vilevile. Lakini jiulize, dada: unaogopa kumuumiza Bibi, au unaogopa kukosa zile sifa za wodini?

Mleta mada: Fundi, hilo la pili limenichoma.

chizi_maarifa: Tuache hayo. Cheti ulipewa?

Mleta mada (mrejesho, Ijumaa): Jana nilimsindikiza yeye na binti yake mpaka kwenye basi. Tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye karatasi, tena binti ameipiga picha. Namba ninayo.

Nikamwambia pale pale, mpiga debe anapiga kelele: Bibi, siku ile nilikuwa sisali, nilikudanganya. Akaniangalia. "Nilijua. Mcha Mungu gani anasahau katikati?" Nikamuuliza, sasa mbona ulinisifia wodi nzima? Akasema, "Ili yule wa kitanda cha dirishani akuite. Hana mtu anayekuja kumwona, na mwenyewe hawezi kuomba kitu." Kisha akaniambia nimshikie ndoo apande.

Ni kweli, yule mama wa dirishani alishaniita mara mbili wiki hii. Nilidhani ni vocha.

Kesho nina zamu.

chizi_maarifa: Cheti je?

Mleta mada: Kipo ofisini kwao. Sijaenda kukichukua.