Ukoo wa Ngamiani

*Jumatatu*

Idi (Dundee): Asalaam alaikum jamani. Naomba msaada wa haraka. Baba mkwe kaniazima kilti, ile sketi ya wanaume wa huku Skotland, ya marehemu baba yake, nikaivaa harusini Jumamosi. Mbele imeingia mchuzi wa nyama, nyuma imerukiwa matope. Nataka kumrudishia safi. Niitie kwenye mashine, maji baridi?

Da Mwanaidi (Glasgow): Idi, USIITIE! Ile ni sufu. Ikizungushwa mle inasinyaa na kuwa ngumu kama blanketi, na hairudi tena.

Da Mwanaidi: Ina kama mita 7 za kitambaa, karibu zote zimekusanywa nyuma kwa marinda. Marinda yakiharibika, kilti imekwisha.

Mama Mkubwa: Waalaikum salaam mwanangu. Picha iko wapi?

Idi: [picha] Hiyo hapo Mama Mkubwa, shikamoo. Mbele bapa, nyuma marinda.

Mama Mkubwa: Marahaba. Umependeza mashallah. Nimeivuta picha nikatazama nyuma. Marinda ya upande mmoja, kama sketi za shule nilizokuwa nikishona, ila haya ni mengi zaidi. Na huyo fundi alikuwa fundi kweli! Mistari inapita juu ya marinda utadhani kitambaa hakijakunjwa.

Da Mwanaidi: Ndivyo. Kiunoni mpaka nyongani yameshonwa, kuanzia hapo kushuka yako huru. Hayo ya chini ndiyo yanayopotea njia.

Mama Mkubwa: Basi yapigwe bandi kabla hayajaguswa na maji wala pasi. Uzi mweupe wa pamba, mishono mirefu ya muda tu. Safu moja karibu na ukingo wa chini, moja katikati, moja pale mshono wa fundi unapoishia. Uzi usiuvute ukakaza, utaacha alama.

Shangazi: Kwani lazima afue nguo nzima? Si doa moja tu?

Da Mwanaidi: Kweli Shangazi. Mimi ya mume wangu nimeifua yote mara moja tu tangu tuoane, siku aliyorudi nayo ikiwa tope tupu. Beseni la kuogea, maji baridi, sabuni ya sufu, naikanda taratibu kwa viganja. Sikuikamua, niliizungushia taulo ikanyonya maji. Ilikuwa nzito kama mtoto. Hiyo yako ya zamani, Idi, usiizamishe. Ndani ina turubai na bitana, na ile mikanda ya ngozi inaweza kuachia rangi.

Da Mwanaidi: Matope yakauke kabisa, kisha brashi laini, kuelekea chini. Mchuzi ulioganda ukwangue kwa mgongo wa kijiko, halafu kitambaa cheupe chenye maji na tone la sabuni. Gongagonga, usisugue. Soma lebo: sabuni isiwe na vimeng'enya. Vinakula protini, na sufu ni protini kama nywele.

*Jumanne*

Idi: Matope yametoka yote. Doa limefifia, nimerudia mara ya pili, silioni tena. Kiunoni kuna harufu ya jasho.

Da Mwanaidi: Itundike penye hewa usiku kucha, isipigwe na jua. Bandi umepiga?

Idi: Safu tatu. Imenichukua saa mbili.

Mama Mkubwa: Vizuri. Sasa pasi. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, kandamiza, inua, sogea. Pasi usiiburute. Na usiiondoe mezani mpaka ipoe, rinda linashika likipoa.

Shangazi: Akimaliza aifukize udi kidogo.

Da Mwanaidi: Hapana Shangazi, sufu inakamata harufu, na nguo ni ya watu. Lakini karafuu kwenye kifuko, sawa. Nondo hutaga mayai humo na funza wake ndio wanaokula, hasa palipo na jasho na chakula. Ndiyo maana haiwekwi kabatini chafu hata siku moja.

Idi: Baba mkwe anasema baba yake alikuwa anaiviringisha na kuitia ndani ya soksi ndefu ya kike.

Da Mwanaidi: Hiyo ni ya safari, na inafaa sana. Nyumbani itundike kwa vibanio kwenye mkanda wa kiuno, ndani ya mfuko wa kitambaa. Usitumie nailoni.

Mama Mkubwa: Bandi ukiitoa, ukate uzi vipande vipande. Usiuvute mrefu kwa mara moja.

Idi: Nimekata, Mama Mkubwa. [picha] Yamelala yote.