MREJESHO: Presha ya mama na chumvi

Wakuu, niliuliza hapa kama kuondoa chumvi mezani kunatosha kushusha presha ya mama. Asanteni sana, hasa aliyeniambia niangalie sufuriani.

Ya mezani ilikuwa kidogo tu. Maharage yalipikwa kwa magadi, mchuzi ulitiwa vile viungo vya mchemraba, na ng'onda (samaki waliokaushwa kwa chumvi) hawakosekani nyumbani. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini yana sodiamu vilevile, ile ile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha! Sasa maharage yanalowekwa usiku kucha, ng'onda tumewaacha, ladha inatoka kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mwanzoni mama alilalamika chakula ni chapwa. Siku hizi chakula cha shughulini ndicho anachokiona kimezidi chumvi.

Daktari alitueleza kwamba sodiamu ikizidi mwili unashikilia maji, ujazo wa damu unaongezeka na kuta za mishipa zinasukumwa mfululizo, mwisho zinakakamaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, vyakula vyote pamoja.

Presha imeshuka kutoka 162/98 hadi 138/86. Dawa anaendelea nazo, tafadhali msimwachishe mgonjwa kwa sababu tu vipimo vimependeza.

Ile chumvi yenye potasiamu mliyoshauri tutumie badala ya chumvi ya kawaida, daktari ameikataa. Figo za mama zimechoka, na potasiamu ikijaa kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo. Mwenye mgonjwa wa figo aulize kwanza kliniki.