Mafua ya mzio msimu wa salfa: jala neti na nasya zinafanywaje hasa?

Kusini_Newala
Wakuu, upepo wa kusi umeanza, mabomba ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho, yananguruma mashambani kutwa, na chafya hazikatiki. Pua inawasha, macho yanatoa machozi, asubuhi ndiyo kabisa. Setirizini (kidonge cha mzio) inatuliza ila inaleta usingizi. Nasikia kwenye Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, wanaosha pua kwa maji ya chumvi (jala neti, au neti tu), kisha wanadondoshea mafuta ya ufuta (nasya). Naomba vipimo. Maji ya kwetu ni ya mvua, ya tangi. Chumvi ghafi ya Lindi inafaa? Nawasilisha.

Mdau_Mikindani
Mkuu, tenganisha kwanza. Salfa si lazima uwe na mzio ndipo ikusumbue. Unga wake ukikutana na unyevu wa jicho au pua unamchoma yeyote. Mzio ni ule unaokufuata hata siku ambayo hakuna anayepuliza: vumbi la godoro, chavua, ukungu. Kuosha pua kunafaa kote kuwili, maana kunatoa kile chenyewe kinachowasha.

Vipimo: nusu lita ya maji, robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, kama gramu 4.5. Maji matupu yanachoma kwa sababu ni mepesi kuliko majimaji ya mwili, na chumvi ikizidi inachoma vilevile. Chumvi ya pakiti ina madini joto, baadhi ya pua hazielewani nayo. Ya Lindi inafaa, ila ina mchanga: iponde, ipime, iyeyushe, iache ituame, chuja kwa kitambaa safi ndipo uchemshe. Usiongeze magadi, ni makali.

Maji ya tangi lazima yatokote dakika 1 hadi 3, kisha yapoe mpaka uvuguvugu. Hapa hakuna mjadala. Kuna amiba ambaye ukimnywa hana neno, lakini akipitia puani anafika kwenye ubongo na anaua.

Kama huna lota, yaani kibirika cha kuoshea pua, birika dogo lenye mdomo mwembamba linatosha, au sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo. Mimina tundu la juu, maji yatokee la chini. Nusu huku, nusu kule.

Kusini_Newala
Shukrani mkuu. Na maji yakiingia sikioni?

Mdau_Mikindani
Hapo umepenga kwa kuziba tundu moja. Penga taratibu, matundu yote wazi, huku umeinama. Pua ikiwa imeziba kabisa, usifanye siku hiyo.

Ufuta_Mweupe
Kuhusu nasya: matone 2 kila tundu, yatosha. Mafuta yawe ya ufuta mbichi uliokamuliwa bila kukaangwa. Simamisha chupa kwenye maji ya moto mpaka yawe vuguvugu, lala chali, kichwa kirudi nyuma kidogo, dondosha, vuta polepole. Yakifika kooni tema, usimeze. Usiunganishe na neti. Neti asubuhi, mafuta baadaye. Ayurveda yenyewe inakataza nasya ukiwa na homa au umetoka kula. Watoto wadogo na wazee waachwe, mafuta yakiteremka mapafuni yanaleta nimonia. Na ufuta nao una mzio wake, mwenye nao asiguse.

Ukitaka kuongeza na manjano ya kunywa, ni nusu kijiko cha chai kwenye maziwa ya moto, na chembe ya pilipili manga, maana bila mafuta na pilipili mwili unanyonya kidogo sana. Nunua mizizi utwange mwenyewe; unga wa rangi kali mno unaweza kuwa umetiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asitumie manjano. Kwa ukweli, ushahidi wa manjano ni dhaifu kuliko wa maji ya chumvi.

Mbanguaji
Niongeze moja kabla hamjachanganya mambo. Malengelenge ya mikononi kwa wabanguaji yanatokana na mafuta ya ganda la korosho, neti haihusiki. Hapo ni glavu, au mafuta ya nyonyo mikononi kabla ya kazi. Ila mtu akila korosho, ndani ya dakika chache midomo ikavimba, sauti ikakwaruza, kifua kikabana, msimpe manjano wala maziwa. Mkimbizeni hospitali iliyo karibu, achomwe adrenalini pajani. Njiani alale miguu ikiwa juu. Kama anahema kwa shida, mketisheni. Asisimamishwe kutembea.